Mama kobi hana pembe: maswali na majibu kuhusu kuandaa kitabu cha wanyama kwa watoto

SWALI: Mimi ni mwalimu wa P3, yaani darasa la tatu, katika shule moja ya msingi wilayani Kasese. Darasani nina Wakonzo, Watooro na watoto ambao wazazi wao walivuka mpaka kutoka Kongo. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Nimeandika hadithi ya wanyama wa Uganda, na kijana mmoja anayejua kuchora amekubali kunisaidia. Nina maswali matatu. Kila ukurasa ubebe maneno mangapi? Wanyama wazungumze au wanyamaze? Na mchoraji nimpe maelekezo gani? Sentensi yangu mojawapo hii hapa, uipime: "Korongo domo-kiatu ni ndege mkubwa anayepatikana katika maeneo oevu na ambaye hujilisha kwa kuwinda samaki aina ya kamongo."

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuuliza kabla kijana hajaanza kupaka rangi. Wengi huniletea kazi picha zikiwa zimekwisha, na hapo kila sahihisho ni gharama, na mara nyingine ni machozi.

Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonifunza kazi hii. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri kijitabu kuhusu kobi, yule swala anayeonekana kwenye nembo ya taifa letu, yeye upande mmoja wa ngao na korongo taji upande wa pili. Maandishi niliyapitia mara tano, neno kwa neno. Picha nilizitazama tu, nikazipenda, nikazipitisha. Tukaenda kuwasomea watoto kule Katwe, kando ya ziwa la chumvi. Hatujafika mbali, mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono: "Mbona mama ana pembe?" Kwa kobi, dume peke yake ndiye mwenye pembe. Mchoraji wetu alikuwa amechora baba, mama na ndama, na wakubwa wote wawili akawavika pembe nzuri zilizopinda. Vitabu vilikuwa vimeshachapwa. Mtoto yule huwaona kobi akienda shule. Kitabu chetu kilimweleza uongo kuhusu jirani zake, na alikuwa na haki ya kutuuliza. Tangu siku hiyo picha naihariri kama ninavyohariri sentensi.

Kwa hiyo usimpe mchoraji hadithi peke yake. Kwa kila mnyama mwandikie karatasi moja ya maelezo: ana ukubwa gani akilinganishwa na mtoto, jike na dume wanatofautianaje, ana mkia au hana, vidole vyake vimekaaje, anakula nini, anatoka saa ngapi, na amesimama juu ya udongo au majani gani. Chukua korongo taji. Wachoraji wengi humchora akiwa amesimama kwenye nyasi, na hilo ni sahihi, lakini ukitaka alale juu ya mti pia ni sahihi, kwa sababu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi. Katika jamii nzima ya korongo, ni hao wenye taji tu wanaolala mitini. Sasa kama kijana wako atamchora bila kile kidole, amemwondolea kitu kinachomtofautisha na korongo wenzake. Mwambie pia kwamba ndege huyu hukanyagakanyaga ardhi ili wadudu waruke awadake. Hapo mchoraji amepata mkao wa kuchora, na wewe umepata kitenzi ambacho watoto watakiigiza uwanjani wakati wa mapumziko.

Makosa mengine ninayokutana nayo kila mwaka: sokwe mtu mwenye mkia, wakati hana, mbega mwenye kidole gumba kama cha mtu, wakati gumba lake ni kijinundu tu, kiboko anayelisha nchi kavu jua likiwa utosini, wakati yeye mchana hukaa majini na malishoni hutoka usiku. Na chui mwenye michirizi miwili ya machozi usoni. Huyo ni duma.

Halafu kuna mahali. Watoto wako wanaishi pembeni ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako hakuna pundamilia wala twiga. Ukiwachora wakinywa maji kwenye Mfereji wa Kazinga, umewahamisha kwa kalamu. Pundamilia wetu wako Ziwa Mburo na Kidepo. Twiga wa asili wako Murchison na Kidepo, na mwaka 2015 baadhi yao walihamishwa kutoka Murchison hadi Ziwa Mburo. Simba wanaopanda miti, kwa upande mwingine, ni wenu kabisa: wako Ishasha, na miti wanayoipenda sana ni mikuyu. Mchoraji asichore mti wowote tu. Apige hatua hadi penye mkuyu, autazame shina na matawi yake yanavyotanuka, ndipo arudi kuchora. Na chui milia, dubu na tufaha jekundu viachiwe vitabu vya nchi vinakotoka.

Majina nayo yana mitego, hasa kwetu Uganda ambako Kiswahili kinaishi nyumba moja na lugha nyingine. Andika "mamba", na mtoto anayejua Kiganda anaweza kumfikiria kamongo, kwa kuwa kwa Kiganda mmamba ndiye kamongo, na ni mwiko wa ukoo mkubwa Buganda. Mamba wetu wa Kiswahili wao humwita ggoonya. Andika "kiboko", na mtoto wa sehemu za kahawa atafikiria buni iliyokaushwa na maganda yake, wakati mwingine atafikiria fimbo. Usiogope maneno haya. Hakikisha tu kwamba neno linapotokea mara ya kwanza mnyama mwenyewe anaonekana mzima kwenye ukurasa huohuo, asifichwe nusu nyuma ya matete. Kwa "sokwe" kuwa mwangalifu zaidi, maana wengine humwita hivyo sokwe mtu wa Kibale na Kyambura, wengine humaanisha gorila wa Bwindi. Mimi huandika "sokwe mtu" na "gorila", na nikishachagua sibadilishi hadi mwisho wa kitabu. Na usiruhusu "tembo inakula", hata kama ndivyo tunavyosema sokoni. Tembo anakula. Mtoto wa P3 anajifunza ngeli kutoka kitabuni zaidi kuliko anavyojifunza kutoka kwetu.

Sasa sentensi yako. Haina kosa la ukweli. Ila imeandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Ina maneno 18, na "ambaye" iliyo katikati humfanya msomaji mchanga arudi nyuma kutafuta ni nani anayesemwa. "Maeneo oevu" ni neno la warsha. Mtoto anajua kinamasi, anajua matete, anajua matope yanayomvua kandambili. Zaidi ya yote, umemweleza kuhusu ndege, hukumwonyesha ndege. Domo-kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe, ana jambo moja la ajabu ambalo kila anayekwenda kumtafuta kwenye kinamasi cha Mabamba huligundua: husimama tuli muda mrefu mno. Na kamongo ana lake: huja juu kuvuta hewa. Hadithi yote imo humo. Ningeiandika hivi kwenye kurasa mbili zinazotazamana:

Domo-kiatu amesimama kwenye matete.
Kimo chake ni kama chako.
Anatazama maji. Anasubiri.
Kamongo anapanda juu kuvuta hewa.
Domo-kiatu bado anasubiri.

Mtoto afungue ukurasa unaofuata, akute neno moja tu: Chubwi!

Ukihesabu, ni maneno 20 kwenye kurasa mbili, na ukweli umeongezeka badala ya kupungua: kimo, mahali, chakula, namna ya kuwinda, na sababu ya kamongo kunaswa. Kipimo changu kwa P1 ni sentensi moja fupi kwa ukurasa. Kwa P3 huruhusu sentensi mbili hadi nne, zisizozidi maneno 40, na kila sentensi ikae mstari wake ikiwezekana. Usiikate sentensi ukaimalizia ukurasa wa pili. Lakini usikiendeshe kitabu kizima kwa mdundo mmoja. Ukurasa wa neno moja baada ya kurasa zilizojaa humpa mtoto nafasi ya kupumua na kucheka.

Kuhusu wanyama kuzungumza, wahariri wenzangu hawakubaliani, nami nina upande. Katika ngano, Sungura na Fisi wameshazungumza tangu enzi za mababu na waendelee. Mtoto akisikia "hapo zamani za kale" anajua amevuka mto. Kitabu cha wanyama halisi ni shughuli nyingine. Ukimfanya domo-kiatu aseme "nina njaa, ndugu kamongo", mtoto hana njia ya kujua kwamba maneno ni ya kubuni na kamongo ni wa kweli. Mwache mnyama atende, na azungumze mtoto. Weka msichana na babu yake kwenye mtumbwi. Yeye aulize, babu ajibu kwa ufupi, na mara nyingine babu naye asijue, wakae kimya watazame.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini kwa kuwa uko Kasese siwezi kulipita. Darasani kwako wamo watoto waliokesha na wazazi wao wakipiga madebe ili tembo wasiingie kwenye mahindi. Kitabu kinachowaambia tembo ni rafiki mpole mwenye masikio makubwa, kikaishia hapo, kinawaambia pia kwamba usiku ule haukutokea. Tafadhali uandike. Chora shamba lililokanyagwa. Chora mtaro uliochimbwa mpakani mwa hifadhi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya, kwa maana tembo huwaogopa nyuki na wakulima wa kandokando ya Queen Elizabeth wamelitumia hilo. Vivyo hivyo domo-kiatu: wavuvi wa Mabamba zamani walimwona ni mkosi, wakisema ukikutana naye hupati samaki siku hiyo. Mtoto akikuta hofu ya nyumbani kwao imetajwa kwa heshima, ataliamini na lile unalotaka kumfundisha kuhusu kuwahifadhi.

Mambo ya uchapaji nitayapitia haraka. Chukua karatasi sita za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, zibane kwa pini mbili za stepla kwenye mkunjo: tayari una kitabu cha mfano cha kurasa 24. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, ndiyo sababu mchapaji atakataa kurasa 22 au 27. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni taarifa za mchapishaji, wa 3 unafungua hadithi, kisha una jozi kumi za kurasa zinazotazamana hadi 23, na wa 24 unabaki kwa maelezo ya mwalimu au mzazi. Picha yako kubwa kuliko zote iweke kurasa za 12 na 13. Hapo ndipo karatasi ni moja bila kuungwa, kwa hiyo mchoro hautapishana. Kwingineko usimwekee mnyama uso wake kwenye mkunjo, atapoteza jicho. Mchoraji apitishe rangi milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na akiskani aweke nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa ukurasa. Kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi, kwa sababu mashine huchanganya wino nne na skrini huchanganya mwanga. Dai karatasi moja ya majaribio kabla hujalipa. Fedha zikiwa chache, mchoro wa wino mweusi uliotulia ni bora kuliko rangi nne zilizochapwa vibaya. Namba ya kutambulisha kitabu, ISBN, utaipata Maktaba ya Taifa, Kampala. Za kwetu huanza na 978-9970 au 978-9913.

Kabla ya hayo yote, beba kile kitabu cha mfano chenye michoro ya penseli tu, bila maandishi, uwape watoto watatu ambao hawajasikia hadithi. Usieleze chochote. Waombe wakusimulie kutoka kwenye picha, na wewe andika wanavyosema, ukurasa kwa ukurasa. Chagua mmoja anayeishi karibu kabisa na hifadhi, yule ambaye babake huchunga ng'ombe au huvua ziwani. Atakapokunja uso na kuusogeza ukurasa karibu na macho, weka alama hapo, umuulize ameona nini.