Maswali na Majibu: Serotonini, Mabaki Yake na Joto la Mwili

Katika safu iliyotangulia niligusia, kwa aya moja tu, tafiti zinazohusisha kupanda kwa joto la mwili na kuongezeka kwa kemikali inayobaki pale serotonini inapovunjwa. Aya hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua maswali yanayogusa kiini cha jambo, nikayafupisha, na ninayajibu hapa moja baada ya jingine.

Mwalimu, shikamoo. Hayo "mabaki" ya serotonini ni kitu gani hasa, na yanatoka wapi?

Marahaba. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea na hivyo huzipata katika chakula. Ni sehemu ndogo sana ya triptofani hiyo, yapata asilimia 1, inayoishia kuwa serotonini. Iliyobaki nyingi hupita njia nyingine kabisa. Wengi huijua serotonini kama kemikali ya ubongo inayohusishwa na furaha na huzuni, lakini takriban asilimia 90 yake imo tumboni, ambako chembe maalumu za ukuta wa utumbo huitengeneza na chembe sahani za damu huichukua na kuisafirisha.

Ikishatumika, serotonini hukutana na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, ambacho huigeuza kuwa aldehaidi; kimeng'enya cha pili huichukua aldehaidi hiyo na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo asidi ya haidroksiindoliasetiki, ambayo karatasi za maabara huiandika kwa kifupi 5-HIAA. Figo huichuja nayo hutoka na mkojo. Kila ninapoandika "mabaki" hapa chini, ninaikusudia asidi hiyo.

Ni nani aliyewaza kwanza kwamba serotonini ina uhusiano na joto?

Si walioigundua. Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliofanikiwa kuitenga kutoka kwenye damu mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, walikuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu, na jina lenyewe la serotonini linatokana na kazi hiyo. Mwaka 1953 Betty Twarog na Page walionyesha kuwa kemikali hiyo imo pia katika ubongo wa wanyama, na hapo ndipo watu walipoanza kujiuliza inafanya nini huko.

Swali la joto lilishika kasi mwaka 1963, kwa majaribio ya Wilhelm Feldberg na Robert Myers yaliyofanyika London. Walipitisha mrija mwembamba hadi kwenye vyumba vya majimaji vilivyomo ndani ya ubongo wa paka, wakaingiza humo kiasi kidogo cha serotonini, kisha wakakaa na kipimajoto. Paka walitetemeka kama waliopigwa na baridi, na joto lao likapanda. Walipoingiziwa noradrenalini, kemikali nyingine inayotumiwa na neva, joto lilishuka. Feldberg na Myers wakatoa wazo kwamba haipothalamasi, ile sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia joto la mwili, hufanya kazi yake kwa kuzipima kemikali hizi mbili, moja ikisukuma juu na nyingine ikivuta chini.

Lilikuwa wazo safi, na usafi wake ndio uliolitia mashakani mapema. Mwaka 1965 watafiti wengine walirudia jaribio la namna hiyo kwa sungura, na kwa sungura noradrenalini ndiyo iliyopandisha joto. Baadaye ilibainika kwamba hata ndani ya mnyama mmoja jibu hutegemea kipokezi kinachoguswa, yaani protini ya chembe ambayo serotonini hushikana nayo (5-HT ni kifupi cha serotonini): panya wakipewa dawa inayoamsha kipokezi cha 5-HT1A, joto lao hushuka, ilhali kuamshwa kwa 5-HT2A hupandisha joto. Kwa sababu hiyo sentensi "serotonini hupandisha joto" haijakamilika mpaka mwandishi aseme ni ya mnyama gani, katika sehemu gani ya mwili na kupitia kipokezi kipi.

Kwamba uhusiano upo, hata hivyo, sina shaka. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya panya waliozaliwa karibu bila neva zozote za serotonini katika ubongo. Katika chumba cha kawaida panya hao walitunza joto lao vizuri, lakini walipowekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 joto lao liliporomoka hadi chini ya nyuzi 30 katika muda usiozidi saa 2. Hawakuweza kutetemeka ipasavyo, wala kuchoma vizuri mafuta ya kahawia, ambayo kazi yake ni kuzalisha joto.

Ikiwa mabaki haya huongezeka joto linapopanda, si ndiyo kusema kwamba yanalisababisha?

Hili ndilo swali lililoulizwa na wengi, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa vichwa vingi vya habari hulipita kana kwamba limekwisha kujibiwa.

Kwanza, yawezekana joto ndilo lililotangulia. Panya wa maabara wakiwekwa katika chumba chenye joto kali, serotonini ya ubongo wao hutengenezwa na kuvunjwa kwa kasi zaidi, na hilo lilijulikana tangu miaka ya 1960. Isitoshe, vimeng'enya vyote ndani ya mipaka ya uhai hufanya kazi haraka kadiri joto linavyoongezeka. Mtafiti anayepima mara moja tu, mwishoni mwa jaribio, huona joto limepanda na mabaki yamepanda, lakini hana njia ya kujua kipi kilianza.

Pili, yawezekana yote mawili ni watoto wa mzazi mmoja. Katika shina la ubongo kuna neva ambazo, mwili unapohitaji kutunza joto, hutuma amri kupitia uti wa mgongo ili mishipa ya damu ya ngozini ibanwe na mafuta ya kahawia yachomwe. Baadhi ya neva hizo hutumia serotonini. Zinapofanya kazi kwa nguvu, serotonini nyingi humwagwa, na kwa hiyo nyingi huvunjwa. Kilichopandisha joto hapo ni kazi ya neva. Mabaki ni alama tu ya kazi hiyo.

Tatu, na hili husahaulika mno, wingi wa kitu mahali fulani hautegemei uzalishaji peke yake. Asidi hii haitoki katika maji ya ubongo na uti wa mgongo kwa kujiendea, bali husukumwa nje na protini maalumu zilizomo kwenye kuta. Dawa iitwayo probenesidi huzizuia protini hizo, na muda si mrefu kiwango cha mabaki katika maji ya uti wa mgongo hupanda ingawa hakuna tone la ziada la serotonini lililovunjwa. Anayepima kiwango hicho anatazama kina cha maji katika ndoo iliyotoboka: hawezi kujua kama bomba limefunguliwa zaidi au tundu limezibwa. Ndiyo maana tafiti makini hupima serotonini na mabaki yake pamoja, zikatoa uwiano, na tena hupima kwa vipindi.

Lakini hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ya nne. Zipo dawa zinazozuia monoamini oksidesi, yaani kile kimeng'enya cha kwanza. Mtu akizitumia, mabaki hupungua kwa sababu uvunjaji umezuiwa, na serotonini yenyewe hurundikana. Iwapo ataongeza juu yake dawa nyingine inayozidisha serotonini, joto la mwili wake linaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha. Tazama basi: joto limefika kileleni huku uzalishaji wa mabaki ukiwa umebanwa. Kama asidi hiyo ndiyo ingekuwa inapasha mwili moto, mgonjwa huyo angepaswa kuwa salama. Anayekuta majivu mengi ana haki ya kusema kwamba palikuwa na moto, lakini si haki yake kusema kwamba majivu ndiyo yaliyounguza.

Nimepimwa mkojo wa saa 24 na kiwango changu cha 5-HIAA kimezidi. Nami husikia uso ukiwaka moto. Je, ndiyo joto mnalozungumzia?

Huenda sivyo, na tofauti yake ni muhimu. Kipimo hicho hutumika zaidi kutafuta uvimbe uitwao kasinoidi, ambao mara nyingi huanzia kwenye utumbo na unaweza kumwaga serotonini kwa wingi. Maabara nyingi huhesabu takriban miligramu 2 hadi 8 kwa siku kuwa kawaida ya mtu mzima, na mwenye uvimbe huo anaweza kutoa mara nyingi zaidi ya hapo. Wagonjwa hawa husumbuliwa na kuharisha na uso kuiva ghafla kwa wekundu, lakini ukiwawekea kipimajoto wakati uso unawaka, mara nyingi hukuti homa. Wanachokisikia ni damu iliyokimbilia kwenye ngozi. Hata hili, kwa namna yake, linaunga mkono jibu lililopita: mabaki tele, bila homa.

Kabla ya kuhofu, kagua jinsi mkojo ulivyokusanywa. Unapoamka, mkojo wa kwanza humwagwa na saa huandikwa. Kuanzia hapo kila tone huingia chomboni, likiwemo la asubuhi inayofuata saa ileile. Anayeuingiza chomboni ule mkojo wa kwanza aliopaswa kuumwaga hupeleka maabara zaidi ya siku moja bila kujua. Pia kwa siku mbili au tatu kabla ya kipimo, na siku yenyewe ya kukusanya, huepukwa ndizi, nanasi, nyanya, parachichi, plamu na jozi, kwa kuwa zina serotonini ya kutosha kupandisha jibu. Zipo dawa pia zinazolipotosha, zikiwemo baadhi ya dawa za kikohozi, hivyo mpe daktari wako orodha kamili ya unachotumia, naye ataamua kama kipimo kirudiwe.

Je, ndizi hizo zinaweza kunipandisha joto?

La. Serotonini iliyomo katika chakula haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na ini na mapafu huiondoa kwa haraka. Itaonekana kwenye mkojo tu.

Parasetamoli na aspirini hushusha homa kwa kupunguza serotonini?

Homa ya maambukizi huendeshwa na kemikali nyingine, prostaglandini E2, ambayo huifanya haipothalamasi ijiwekee lengo jipya la joto lililo juu kuliko lile la kawaida. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Parasetamoli nayo hushusha homa kwa kuzipunguza prostaglandini za ubongo. Neva za serotonini huingia mbele zaidi, wakati amri ya kutunza joto inapotekelezwa. Dawa hizi mbili hufanya kazi kabla ya hapo.

Ninatumia dawa za sonona zinazoongeza serotonini. Niogope joto?

Usiiache dawa kwa sababu ya swali hili; kuiacha ghafla kuna madhara yake. Kwa anayetumia dawa moja kwa kipimo alichoandikiwa, hatari ni ndogo. Hatari kubwa huja dawa zinapochanganywa: dawa ya sonona pamoja na ile inayozuia monoamini oksidesi, au pamoja na tramadoli (dawa ya maumivu), linezolidi (antibiotiki), au dekstromethofani iliyomo katika dawa nyingi za kikohozi zinazouzwa bila cheti. Kwa sababu hiyo madaktari huacha siku 14 zipite kati ya dawa inayozuia kimeng'enya hicho na dawa nyingine ya serotonini, na anayetoka kwenye fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, kwenda kwenye dawa inayozuia kimeng'enya hicho husubiri wiki 5, kwa kuwa fluoksetini hutoka mwilini polepole.

Dalili za sumu ya serotonini, yaani serotonini kuzidi mno mwilini, huanza mara nyingi ndani ya saa 24 tangu dawa ibadilishwe au iongezwe: kutotulia, jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, kutetemeka. Daktari hushika wayo wa mgonjwa na kuusukuma juu kwa ghafla, kisha huutazama. Mguu wa mtu mzima wa afya hutulia. Wa mgonjwa huyu hupiga wenyewe juu na chini, tena na tena, bila yeye kutaka. Katika hali mbaya joto hupita nyuzi 41, nalo hutokana hasa na misuli iliyokaza na kutetemeka. Parasetamoli haisaidii hapo, kwa kuwa lengo la haipothalamasi halijabadilika. Kinachosaidia ni kusimamisha dawa husika, kuilegeza misuli, kuupoza mwili na, pale daktari anapoona inafaa, kutoa siproheptadini inayoziba vipokezi vya serotonini. Haya hufanyika hospitalini, wala si jambo la kusubiri kupambazuke.

Basi 5-HIAA ni takataka tu, haina kazi yoyote?

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha hivyo, nami nilifundisha hivyohivyo. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi iliyonilazimu kuirekebisha kauli yangu: asidi hii hushikana na kipokezi kiitwacho GPR35 kilicho juu ya nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazowahi kufika penye maambukizi, na kuzivuta ziingie katika tishu zilizovimba. Chanzo chake hapo ni chembe sahani na chembe nyingine za kinga zinazomwaga serotonini kisha kuivunja. Kumbe yale tuliyoyaita mabaki yanaweza kuwa ujumbe.

Hilo halibadilishi jibu langu kuhusu joto, kwa kuwa kuita nyutrofili ni jambo moja na kuiamuru haipothalamasi ni jambo jingine. Lakini nyutrofili ni sehemu ya mwitikio uleule wa kinga unaoambatana na homa, na kama ningeombwa kupendekeza mahali pa kuyatafuta mabaki haya kwa upya, ningependekeza huko kwenye damu na tishu zilizovimba, nikayaacha kwanza maji ya uti wa mgongo ambako yamepimwa kwa zaidi ya nusu karne.