Ziwa lipo hapo chini, maji tunanunua kwa dumu

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mimi nipo Gungu hapa Kigoma, nauza chai na maandazi. Huku kwetu bomba halijafika, dumu la lita 20 naletewa kwa baiskeli sh 300, kiangazi kikikaza linapanda, na binti yangu anaamka saa kumi alfajiri kupanga madumu alafu shuleni anasinzia. Wifi yangu yuko mjini ana bomba uani, nimeona bili yake, uniti moja haifiki elfu mbili. Na ziwa lote lile! Hivi ni Kigoma tu au na wenzetu wako hivi? Mtu kama mimi nafanyaje?
Mama Zawadi

JIBU: Mama Zawadi, pole sana. Tupige hesabu kwanza maana ndo inayouma. Uniti ni lita 1,000, yani madumu 50, kwa 300 unatoa 15,000. Wifi yako hafikishi 2,000. Kwa hiyo muuza maandazi analipia maji zaidi ya mara 7 ya mwenye bomba, na bado mtoto anakosa usingizi.

Sio Kigoma tu. Kibera kule Nairobi wanaochota kwa jerikeni wanalipa kuliko wenye mita zao mitaa ya kishua. Bomba linafata viwanja vilivyopimwa na watu wanaojuana na wanaopanga mipango ya mji, wewe wa dumu haupo hata kwenye daftari la wateja, kilio chako kinahesabiwa wapi?

Porto Alegre, Brazil, walianza mwaka 1989 kuwaachia wananchi wakae vikao kila eneo waamue hela za miradi ziende wapi, na eneo lenye shida zaidi likawa linapewa uzito zaidi. Kaya zenye maji na mfumo wa majitaka zikatoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997. Baadaye walikuja viongozi wengine mpango ukafifia, ila mabomba yalishalazwa. Na sisi tulijaribu, Kigoma Ujiji mwaka 2016 ilikuwa kati ya serikali 15 tu za ngazi ya chini ya taifa duniani zilizochaguliwa kwenye mpango wa kimataifa wa serikali kuwa wazi kwa wananchi (OGP), mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa, kitu kilichonisikitisha mpaka leo.

Sasa wewe chukua daftari, pita na wenzako wawili watatu muandike kaya ngapi zinanunua, madumu mangapi kwa siku, bei gani, alafu mpeleke kwenye mkutano wa mtaa na mkomae iingie kwenye muhtasari, nakala kwa diwani. Ombeni hata kioski cha maji kwanza. Muwahi, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 ila bajeti inapikwa miezi kibao kabla, ukienda Juni wameshagawana. Na wakikwambia mradi unakuja, uliza mwezi gani, na bomba linaishia nyumba ya nani.