Ukiwa na presha ya macho, usiishie kwenye namba

Mtu akishaambiwa ana presha ya macho, anachokishika kuanzia siku hiyo ni namba. Mara iliyopita nilikuwa 26, leo nimeshuka hadi 17, Mungu mkubwa. Mimi ni mgonjwa wa muda mrefu wa glakoma, yaani ugonjwa wa kuharibika neva ya jicho, na namba hizo nazifuatilia kama wenzangu. Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Lakini kilichonifanya nishike dawa kwa nidhamu si namba. Ni kuelewa kinachotokea nyuma ya jicho, kwenye seli ambazo kliniki hazitajwi kabisa. Nitajieleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Si machozi, wala hayahusiani na presha inayopimwa mkononi. Njia ya kutokea ikiwa nzito, maji yanajaa na presha inapanda, nayo husukuma kila upande. Mahali dhaifu ni nyuma, pale neva inapotoka kwenda kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, na zote zinapenya kwenye kisahani chenye matundu kama chujio, ambacho madaktari wanakiita lamina kribrosa. Presha ikizidi, kisahani hubonyea kurudi nyuma na matundu yanapinda pamoja na nyuzi zilizomo.

Nyuzi hizo hazipiti hapo peke yake. Zimezungukwa na astrosaiti, seli saidizi zenye matawi marefu yanayokumbatia kila fungu la nyuzi. Zinagusa mishipa ya damu upande mmoja na nyuzi upande wa pili, kwa hiyo chakula cha neva kinapitia kwao, na kemikali zinazobaki baada ya taarifa kupita zinaondolewa na hizohizo. Tena zinahisi kuvutwa. Kwenye utando wake kuna vilango vinavyofunguka seli inaponyooshwa, kalsiamu inaingia, na seli inajua hali imebadilika.

Hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Katika majaribio ya panya, presha ikipandishwa kwa muda mfupi tu, astrosaiti hurudisha matawi yake madogo na kunenepa. Presha ikishashuka, baada ya wiki kadhaa zinakuwa karibu na umbo lake la zamani. Maana yake badiliko la mwanzo si maangamizi. Seli inajihami, na inaweza kurudi ilikokuwa ikipewa nafasi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha jambo jingine la ajabu. Panya akipandishwa presha jicho moja, astrosaiti, ambazo zimeunganishwa kwa vipenyo vidogo sana, huhamisha akiba ya nishati kutoka neva ya jicho lisilo na shida kwenda kwenye ile iliyo taabani. Neva iliyotoa inabaki na upungufu, na ikija kupatwa na shida yake inaumia zaidi. Panya si binadamu, najua. Hata hivyo jicho langu lisilo na tatizo nalipeleka kupimwa kwa umakini uleule.

Presha isiposhuka, mambo hubadilika. Astrosaiti huanza kuujenga upya ule mtandao wa kolajeni, protini inayokipa kisahani uimara, na kwa muda kinakuwa kigumu. Maikroglia, ambazo ni seli za ulinzi za neva, nazo huamka, na kemikali zake zinaweza kuzigeuza astrosaiti ziache kulea na zianze kudhuru. Uzi wa neva ukifa hauoti tena, kwa hiyo hakuna tone wala upasuaji unaorudisha kuona kulikokwishapotea.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni mmoja: dawa kila siku, saa ileile. Ukikaa kwenye mabenchi ya kliniki utasikia watu wakisimulia jinsi wanavyoweka matone kwa bidii siku chache kabla ya kuja. Daktari anakuta 16, anafurahi, mnaagana. Kipimo ni cha dakika ile. Astrosaiti zimekaa na presha ya miezi yote iliyotangulia. Na kushuka kidogo si kitu cha kudharau. Utafiti mkubwa uliofanyika Uswidi ulionyesha kwamba kila milimita 1 iliyopungua ilipunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10.

Namna ya kuweka tone nayo ina kazi yake. Mimi hulala chali, navuta kope ya chini kwa kidole hadi kifanyike kifuko, ncha ya chupa naiweka juu bila kugusa jicho. Tone moja linatosha, la pili litamwagika shavuni tu. Kisha nafumba, bila kupepesa, nikibonyeza kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa isiteremke puani na kuingia kwenye damu. Ukiwa na dawa ya pili, subiri dakika tano.

Halafu msiifanye 21 kuwa ukuta. Wapo wanaoharibikiwa neva wakiwa na 15, na wapo wenye 24 wasiopata chochote kwa miaka. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa nyembamba pia hufanya mashine isome chini kuliko presha yenyewe. Kwa hiyo omba neva yako itazamwe na upimwe upana wa kuona, kile kipimo cha kukodolea nukta moja na kubonyeza kitufe kila kinapomweka kitaa pembeni. Kinachosha, na kila mtu hudhani amekosa nusu ya taa. Usijali, vitaa vingi vimefifishwa makusudi mpaka mwisho wa uwezo wa jicho lako.

Mengine kwa haraka. Ukiwa na pumu, mwambie daktari kabla hajakuandikia timololi, tone la kushusha presha ya jicho, kwani inaweza kubana kifua. Dawa za steroidi, hasa za kudondoshea machoni, hupandisha presha kwa baadhi ya watu, basi usinunue tone la wekundu kwa kubahatisha. Mazoezi ya kusimama kwa kichwa mimi nimeyaweka kando, maana presha hupanda muda wote kichwa kikiwa chini. Na ndugu zako wa tumbo moja waambie wakapimwe hata kama wanaona vizuri, kwa kuwa hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine na glakoma ya kawaida haiumi.