Maswali ya Wasomaji: Ni nini hasa hukamilisha shahada ya uzamili ya akupancha?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja hapa Moshi, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Wagonjwa wangu wengi ni wa mgongo na magoti: wapagazi wanaoteremka mlimani, na akina mama waliobeba mikungu ya ndizi tangu usichana wao. Nimepata nafasi nchini Marekani ya kusoma shahada ya uzamili ya kliniki katika akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina. Kitabu cha mwongozo cha chuo kinasema nitahitimu nikikamilisha krediti 105, na kati ya hizo ni 22 tu za kliniki, wala hakuna tasnifu. Mwenzangu aliyesoma Uchina, ambaye aliandika tasnifu na kuitetea, ananicheka kwamba nakwenda kununua cheti. Lakini dada mmoja niliyesoma naye, aliyekwenda katika chuo kingine huko Marekani, alifaulu mitihani yote na bado hakuhitimu pamoja na wenzake. Naomba unieleze masharti ya kuhitimu ni yapi hasa, na kama miaka yangu ya kazi itanipunguzia safari. — M., Rau, Moshi

JIBU: Dada M., kilichokuchanganya ni hiyo tarakimu ya 22, na hukuchanganyikiwa peke yako. Krediti si kipimo cha saa kinacholingana kila mahali. Kwa kawaida ya vyuo hivyo, saa 15 za darasani huhesabiwa kuwa krediti moja, ilhali kliniki hudai saa 30 kwa krediti hiyo hiyo moja. Kwa hiyo krediti zako 22 za kliniki ni saa 660, na krediti 83 zinazobaki ni saa 1,245 za darasani, na jumla yake ni saa 1,905. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho kimetumika kwa miaka mingi katika shahada ya uzamili ya akupancha inayopewa ithibati na tume iitwayo ACAHM, nacho hugawanywa katika muda usiopungua miaka 3 ya masomo. Ukitazama krediti, kliniki ni kama moja ya tano ya shahada. Ukitazama saa utakazokuwa umesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, ni zaidi ya theluthi moja. Nakusihi uhesabu kwa saa, maana ndizo zitakazokuhesabu wewe.

Zile saa za darasani nazo zina mgawanyo wake. Saa 705 ni za nadharia ya tiba ya Kichina, uchunguzi wa mgonjwa na mbinu za sindano. Saa 450 ni za sayansi ya tiba kama tunavyoijua hospitalini. Na saa 90 ni za maadili, mazungumzo na mgonjwa na uendeshaji wa kituo cha tiba. Katika fungu la kwanza ndimo utakamojifunza vituo 361 vya mwilini, yaani mahali pa kuchoma sindano, na hapa sitaki udhani kwamba ni kazi ya kukariri tu. Vituo hivyo hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa kidole gumba chake ni kipimo kimoja, na upana wa vidole vyake vinne vilivyoshikamana ni vipimo vitatu. Kituo maarufu cha mguuni kilicho vidole vinne chini ya goti hupatikana kwa vidole vya mgonjwa, si vyako, na mwanafunzi anayesahau jambo hilo mbele ya mtahini hurudia mtihani akiwa na alama nzuri kabisa za karatasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomkwamisha dada yule. Saa za kliniki hazijazwi kwa kuhudhuria tu. Mwanafunzi huanza kwa kumtazama mganga mzoefu akifanya kazi, kisha humsaidia, na mwishowe hukabidhiwa mgonjwa wake mwenyewe chini ya msimamizi: amhoji, amtazame ulimi, amshike mapigo ya mkono, apendekeze utambuzi wa ugonjwa na vituo vya kuchoma, msimamizi akubali au akatae, ndipo sindano iingie. Katika hatua hii ya mwisho anatakiwa awe ametoa tiba zisizopungua 250. Tiba moja ni mgonjwa mmoja kwa ziara moja, iliyoandikwa katika jalada na kutiwa saini na msimamizi. Mgonjwa asipofika siku hiyo, saa zako za zamu zinaweza kuhesabiwa, lakini tiba haipo. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza saa zote akiwa na tiba 231, asiwe na namna isipokuwa kubaki muhula mwingine akisubiri wagonjwa 19, na ada ya muhula huo aitafute. Sijui kwa hakika kama hayo ndiyo yaliyompata rafiki yako, lakini anayefaulu mitihani yote na kukosa kuhitimu mara nyingi amekwama hapo au kwenye saini. Msimamizi akihama au akienda likizo ndefu, saini zilizobaki humfuata. Tunza logibuku yako, yaani daftari la kumbukumbu za tiba zako, kama unavyotunza hati ya kusafiria, na usikubali juma lipite bila kusainiwa.

Kuna milango mingine miwili au mitatu ambayo sitakaa nayo sana. Vyuo huweka mtihani wa kuvuka kabla ya kumruhusu mwanafunzi kumshika mgonjwa, na mtihani mwingine mpana kuelekea mwisho, wa maandishi na wa vitendo. Pia huweka wastani wa chini wa alama na ukomo wa miaka ya kumaliza, ambavyo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Halafu kuna cheti cha mbinu safi ya sindano, ambacho mtu mwenye uzoefu wa hospitali kama wewe atakiona chepesi: kunawa mikono, sindano ya kutumika mara moja tu, kutogusa shina la sindano linaloingia mwilini, na kuitupa moja kwa moja katika kisanduku cha usalama. Uepesi huo usikudanganye unapofika kifuani na juu ya mabega, kwa sababu sindano iliyozama kupita kiasi mahali hapo inaweza kutoboa utando wa pafu na kuingiza hewa kifuani, na hilo ni jambo la kumkimbiza mgonjwa chumba cha dharura.

Kuhusu miaka yako tisa: chuo kinaweza kukutambulia baadhi ya masomo ya sayansi ya tiba, kama anatomia na fiziolojia, ukiwasilisha transkripti na maelezo ya kozi ulizosoma. Omba uamuzi huo kwa maandishi kabla ya kulipa ada, usiridhike na ahadi ya simu. Lakini usitarajie kwamba wagonjwa uliowanyoosha magoti hapa Moshi watahesabiwa ndani ya zile tiba 250, kwa kuwa kinachopimwa ni uamuzi wako wa sindano chini ya msimamizi wa fani hiyo.

Na mwenzako wa Uchina umwambie, kwa upole, kwamba analinganisha njia mbili zisizo sawa. Huko Uchina kuna shahada ya uzamili ya utafiti na kuna ya kitaaluma, na zote mbili hudai tasnifu. Katika ile ya kitaaluma, mwanafunzi wa Kichina huunganisha masomo na mafunzo ya daktari mkazi yanayochukua miezi 33, baada ya kuwa ameshasoma shahada ya kwanza ya miaka 5. Ni njia ndefu na ya heshima. Hata hivyo, tasnifu hupima kama unaweza kulichunguza jambo na kulitetea. Haipimi kama mkono wako unatetemeka. Shahada yako imechagua kupima mkono.

SWALI: Kijana wangu amehitimu shahada hiyo hiyo Marekani mwaka jana, na picha za mahafali tunazo ukutani. Nilidhani ataanza kazi mara moja, lakini ananiambia bado ana mitihani. Kuhitimu ni kuhitimu, au kuna kuhitimu kwingine? Na akirudi Arusha atafungua kituo kwa karatasi ipi? — Baba, Njiro, Arusha

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kijana hakudanganyi. Chuo humpa shahada, lakini ruhusa ya kutibu hutolewa na jimbo analotaka kufanyia kazi, na majimbo mengi hutaka kwanza afaulu mitihani ya taifa inayoendeshwa na bodi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la NCCAOM: mmoja wa misingi ya tiba ya Kichina, mmoja wa akupancha na mahali vituo vilipo, na mmoja wa sayansi ya tiba. Anayetaka kutumia pia dawa za mitishamba ya Kichina huongezewa mtihani wake, na shahada yake yenyewe huwa ndefu zaidi, ya saa zisizopungua 2,625. California ina ukali wake wa peke yake, kwani hudai mafunzo ya saa 3,000, kati yake 950 za kliniki. Kwa hiyo mhitimu wa saa 1,905 anaweza kuwa amehitimu kihalali kabisa na bado asistahili kufanya kazi katika jimbo hilo. Muulize amesoma programu ipi kati ya hizo.

Akirudi nyumbani, karatasi za Marekani zitamsaidia kuthibitisha elimu yake, lakini hazimpi ruhusa hapa. Shahada ya nje hupelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe. Utoaji wa tiba mbadala, ambao ndani yake imo akupancha, uko chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili watoa tiba hiyo na vituo vyao. Nashauri aende Barazani akiwa na transkripti inayoonyesha saa za kliniki kwa mchanganuo, pamoja na shahada yenyewe, na aanze kuzikusanya angali huko, maana kuomba nyaraka chuoni ukiwa Njiro ni kazi ya miezi.

SWALI: Mimi ni daktari wa hospitali, nimefanya kozi ya akupancha ya wiki mbili. Je, inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya shahada ya uzamili? — Daktari, Sakina, Arusha

JIBU: Kwa uzoefu wangu, hapana, ingawa haikupotea bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kwamba hata daktari anayetaka kuitumia akupancha kama mbinu ya ziada tu katika kazi yake apate mafunzo yasiyopungua saa 200, na kwamba asiye daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili apate saa 2,500, zikiwamo 1,000 za vitendo na kliniki. Wiki mbili, hata ukisoma saa nane kila siku bila kupumzika Jumapili, ni saa 112. Ukiomba nafasi ya uzamili, ambatisha cheti hicho kwenye maombi kama ushahidi wa nia yako.