Sajini Ana Kilo 41 na Kifafa: Niliyojifunza Tangu Alfajiri Ile

Sajini alianza kuanguka akiwa na miaka miwili na miezi minne. Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri, nikasikia bati la banda linagongwa kama mtu anavunja mlango. Nikatoka na rungu, akilini nina mwizi. Nikamkuta German Shepherd wangu amelala ubavu, miguu inapiga hewa, taya zinagongana, povu linamtoka na mkojo umetapakaa sakafuni. Ndani ya dakika moja tukafanya makosa matatu: nilimkumbatia ili asijigonge, nikampanua mdomo eti asimeze ulimi, na Babu, mlinzi wetu, akavua kiatu akamnusisha. Kiatu hakikumdhuru mtu. Mdomo ndio ulioniachia kovu kwenye kidole cha shahada mpaka leo.

Mbwa hamezi ulimi. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo linalowaumiza wenye mbwa wengi. Akiwa ameanguka hakujui, haoni, na taya za mbwa wa kilo 41 hazichagui. Kaa upande wa mgongo wake, mbali na kichwa. Sogeza ndoo, tofali, bakuli la chuma. Kama yuko karibu na ngazi au shimo la maji, msukume mgongoni ukiwa umeweka godoro au blanketi nene katikati yenu. Usijaribu kumbeba, nilijaribu mara moja nikakaa na mgongo wiki nzima. Zima redio, punguza taa, waingize watoto ndani, kisha tazama saa.

Saa ndiyo kila kitu. Degedege nyingi za mbwa huisha zenyewe ndani ya dakika moja au mbili, ingawa ukiwa umesimama pale utaapa zimekuwa kumi. Zikipita dakika 5, hiyo ni dharura ya kukimbilia kwa daktari hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24. Kutetemeka kwa misuli yote ile kunachemsha mwili, na kwa mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito, kwenye joto la Dar, hali inaharibika upesi. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likivuka 41 yuko hatarini. Sisi humwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, tunawasha feni. Maji ya barafu hapana.

Halafu kuna kipindi cha baada ya kuanguka, ambacho hakuna aliyenionya. Sajini aliinuka akaanza kuzunguka ua kama kipofu, akagonga ukuta, akambwekea mke wangu aliyemlea tangu kitoto, kisha akala chakula cha siku nzima kwa pupa. Ilichukua karibu saa mbili kurudi kuwa yeye. Muda huo usimkumbatie kwa huruma. Mwache eneo salama lenye maji, mwite kwa sauti ya chini.

Asubuhi jirani alishapata hukumu: "Huyo ana kichaa, apigwe risasi." Sikumlaumu sana, maana kichaa cha mbwa ni kitu cha kweli na kinaua. Lakini tofauti ipo. Mbwa wa kifafa akishapona hurudi kuwa mzima kabisa mpaka atakapoanguka tena. Mwenye kichaa harudi. Tabia hubadilika, hashindwi kuuma chochote au huwa mzito na mpole kupita kiasi, mate humtoka kwa kuwa koo halimezi, miguu hulegea, na ndani ya siku chache hufa. Nikamwonyesha jirani cheti cha chanjo. Hata hivyo kidole changu nilikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na nikaenda hospitali siku ile ile. Ukiumwa, usijifanyie hesabu mwenyewe, hata kama mbwa ni wako na amechanjwa.

Daktari wa mifugo tuliyempata, dada mmoja asiye na haraka, hakusema kifafa siku ya kwanza. Aliuliza kwanza kama kuna mtu amepulizia mboga dawa ya wadudu, kama tulimwogesha dawa ya kupe, kama ametupiwa nyama ukutani. Sumu hizo huleta mitetemeko, mate mengi na kuharisha, na tiba yake ni nyingine kabisa. Akapima sukari, ini, figo na madini ya damu. Akauliza chanjo za utotoni, kwa sababu ugonjwa wa distempa nao huacha degedege. Kila kitu kilipotoka safi, na mbwa yuko ndani ya umri ambao kifafa cha kuzaliwa nacho hujitokeza, yaani kati ya miezi 6 na miaka 6, ndipo akalitaja jina. German Shepherd, Labrador na Golden Retriever ni miongoni mwa mbwa wakubwa wanaojulikana kuwa nacho kwenye ukoo. Ndiyo maana tulimhasi, ingawa watu wawili walishaweka oda ya watoto wake.

Hatukuanza dawa kwa kuanguka mara moja. Aliposhikwa mara ya pili kabla miezi sita haijaisha, daktari akaandika fenobabitoni. Hapa ukubwa wa mbwa unaingia mfukoni. Vidonge tulivyopata ni vya miligramu 30, vilevile wanavyomeza watu. Kwa kipimo cha miligramu 2 na nusu hivi kwa kila kilo, Sajini alihitaji vidonge vitatu na nusu, mara mbili kwa siku. Hiyo ni hesabu yake yeye, usiihamishie kwa wako. Sisi tunampa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Saa zetu za Kiswahili zimetusaidia sana, hata Babu hawezi kusahau: ni saa moja na saa moja.

Wiki mbili za kwanza alitembea kama mlevi wa mnazi, miguu ya nyuma inapishana, analala mchana kutwa. Nikataka kuacha. Daktari akasema dawa huchukua takribani muda huo kutulia kwenye damu, subiri. Kweli, wiki ya tatu akaanza kukimbiza paka tena. Baada ya hapo damu ilipimwa kuona kiwango cha dawa, na sasa tunarudia kila miezi sita pamoja na kipimo cha ini, kwa sababu ini ndilo linalobeba mzigo.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Miezi mitano ikapita bila kuanguka. Nikajiambia amepona, na vidonge saba kwa siku si mchezo, nikaacha ghafla bila kumuuliza mtu. Siku ya tatu Sajini alianguka mara nne kati ya magharibi na usiku wa manane. Tulimburuta juu ya turubai, watu watatu, tukamlaza kwenye bajaji, mimi nimekalia chuma nimeshika kamba ya shingo. Dereva alidai nauli mara mbili na nilimpa kwa heshima. Mwili uliozoea fenobabitoni ukinyang'anywa ghafla hujibu kwa degedege mbaya kuliko zile za mwanzo. Ikibidi kupunguza, daktari hupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Siku hizi ninanunua kopo jipya likibaki la siku kumi, na cheti cha daktari kinakaa ndani ya kabati la vikombe.

Baadaye tukaongezewa dawa ya pili, potasiamu bromaidi, iliyochukua muda kupatikana. Hiyo ina kituko chake: inashindana na chumvi mwilini. Chumvi ikiongezeka kwenye chakula, figo huitoa dawa haraka na kinga dhidi ya degedege hushuka. Ikipungua, dawa hujaa na mbwa hulewa. Na sisi tulikuwa tunamchanganyia ugali na dagaa. Wiki hii dagaa wa Mwanza, wiki ijayo wale wa baharini waliochemshwa kwa chumvi. Tukaacha. Sasa chakula ni kilekile kila siku, na wageni wamekatazwa kumrushia mabaki ya meza.

Njaa ndiyo iliyotusumbua kuliko degedege zenyewe. Dawa hizi humfanya mbwa aone hajala tangu juzi. Sajini alifika kilo 47, akavunja banda la kuku, akala sabuni ya kipande. Uzito huo kwa German Shepherd, mbwa wanaojulikana kwa nyonga mbovu, ni balaa jingine. Tulipunguza ugali, tukajaza sufuria kwa boga la kuchemsha na karoti bila chumvi. Kiu nayo imeongezeka, basi ndoo ya maji haifungiwi, hata usiku.

Kwa dharura tuna ampuli za diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, ambazo daktari alitufundisha kumpa kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lisilo na sindano. Kwa uzito wake ni ampuli nne za miligramu 10, si moja kama nilivyodhani. Zamani nilikuwa nazivuta kabisa nikaziacha kwenye bomba ziwe tayari. Plastiki huinyonya dawa hiyo na mwanga huiharibu, kwa hiyo sasa zinakaa kwenye vichupa vyake, ndani ya boksi, gizani.

Daftari la Babu liko kwenye msumari pale kibandani. Tarehe, saa, dakika ngapi, alikula nini, alishtuliwa na nini. Daktari huliomba kabla hajamgusa mbwa. Mstari wa mwisho ni wa wiki tatu zilizopita: "Saa 10 usiku. Dakika 1 na nusu. Nilikaa mgongoni. Sikumvulia kiatu."