Barua za Babu Kutoka Kisumu

SWALI: Katika kasha la marehemu nyanya yangu nimekuta barua nne ambazo baba yake, aliyekuwa akifanya kazi ya reli hapa Kisumu, alimwandikia mkewe Mombasa. Zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na moja ina tarehe ya Shaabani 1321. Mwalimu wa madrasa alinisomea: salamu ndefu, rupia sita, doti mbili za leso, kikohozi cha mtoto, na neno “nakukubuka” ambalo hatukulielewa. Neno la mapenzi sikulisikia. Je, walipendana kweli?
Msomaji, Kaloleni, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, Shaabani ya mwaka huo wa kalenda ya Kiislamu iliangukia Oktoba na Novemba 1903, wakati ambapo reli ilikuwa haijatimiza miaka miwili tangu ifike Kisumu, Desemba 1901. Kabla ya kujengwa kwa reli, barua ya kutoka ziwani ilikwenda pwani kwa miguu ya watu, kama vile misafara ya wapagazi.

Zile salamu ndefu zilikuwa adabu ya uandishi, hata katika barua za biashara, kwa hiyo usizipime kama ubaridi. Kumbuka pia kwamba mke asiyejua kusoma alisomewa na shemeji, jirani au mwalimu, huku wakwe wamekaa wakisikiliza. Mume mwenye heshima asingeweza kumwaga ya chumbani mbele ya watu hao wote. Mapenzi yake aliyatia katika zile doti mbili za leso, na katika kuuliza kikohozi cha mtoto kimefikia wapi. Mimi nayaona hapo waziwazi.

Na lile neno mlilolipita ndilo lenyewe. Waandishi wengi wa zamani, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waliacha m au n inayotangulia konsonanti nyingine, hata “nyumba” ikaandikwa “nyuba”. Babu yako aliandika “nakukumbuka”. Alilisema mbele ya wakwe, na mkewe akaitunza karatasi hiyo.

Tafadhali msizibandike utepe wa gundi wala kuzitia plastiki ya moto. Zitandazeni kila moja kati ya karatasi safi, mbali na jua na moshi wa jikoni, mzipige picha, kisha mwombeni mwalimu azisome upya, akirudisha m na n zilizoachwa na akikumbuka kwamba e na i, au o na u, mara nyingi huandikwa kwa alama moja.