Barua ya kuhamishiwa bima kwenye kampuni ndugu (Uingereza): mahakama inaangalia nini, na mzee wako afanye nini

Dada, nimesoma swali lako. Mzee alifanya kazi Leicester, sasa amerudi Tanga, na kampuni inayomlipa pensheni yake ya kila mwezi imemwandikia kwamba mkataba wake utahamishiwa kampuni nyingine ya kundi hilohilo, Mahakama Kuu ya Uingereza ikiidhinisha. Unauliza mahakama inaingiaje wakati mwenye mali ni yuleyule, kama mzee anaweza kukataa, na kama fedha zake ziko salama. Nashughulika na maombi haya kikazi, kwa hiyo nitakueleza yanavyokwenda.

Nianze na hilo la "mwenye mali ni yuleyule", maana ndipo wengi wanapoteleza. Mwenye mali ni mmoja, lakini mifuko ni miwili. Kila kampuni ya bima ndani ya kundi ina leseni yake, mizania yake na mtaji wake. Mzee ana mkataba na kampuni ambayo jina lake kamili limeandikwa kwenye hati yake, hana mkataba na nembo. Kampuni hiyo ikianguka, kampuni mama haidaiwi chochote isipokuwa kama ilitia saini dhamana. Kumhamisha mzee, basi, ni kumbadilishia mdaiwa, na kwa sheria ya mikataba mdaiwa hajibadilishi bila ridhaa ya anayemdai. Ukiwa na wakata bima laki tatu waliotapakaa dunia nzima, huwezi kukusanya ridhaa zote. Ndiyo maana Sehemu ya VII ya Sheria ya Huduma na Masoko ya Fedha ya mwaka 2000 imeiweka mahakama mahali pa ridhaa hiyo. Kifungu cha 104 kinasema wazi kwamba bila amri ya mahakama uhamisho hauna nguvu. Kampuni kuwa ndugu hakuondoi hatua hata moja.

Sasa, kura hakuna. Watu huchanganya jambo hili na mipango ya wadai chini ya Sheria ya Makampuni, ambako lazima ipatikane asilimia 75 ya thamani ya madai. Kwenye Sehemu ya VII mkata bima hapigi kura, na hawezi kujitoa peke yake akasema mimi nibakizeni nilipo. Alichonacho ni haki ya kusikilizwa, kifungu cha 110: yeyote anayedai kwamba mpango utamuumiza, akiwemo mfanyakazi wa kampuni, anaweza kupinga. Haki hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, nitaifikia.

Safari yenyewe huchukua kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kampuni hupeleka wazo kwa wadhibiti wawili: PRA, ambayo ni sehemu ya Benki Kuu ya Uingereza na huangalia mtaji, na FCA, ambayo huangalia namna wateja wanavyotendewa. Kisha anateuliwa mtaalamu huru, mara nyingi aktuari (mtaalamu wa hesabu za bima na pensheni), na PRA ndiyo humkubali baada ya kushauriana na FCA. Kwenye makundi hapa pana mtego. Aktuari aliyewahi kulishauri kundi hilo juu ya mpango huohuo, au mwenye hisa au bima kubwa ndani yake, hukataliwa, na miezi miwili mitatu inapotea kumtafuta mwingine. Ripoti ya mtaalamu lazima ipime makundi matatu ya watu: wanaohama, wanaobaki, na wale waliokuwa tayari kwenye kampuni inayopokea. Hao wa tatu husahauliwa sana na wanaoandika rasimu ya kwanza, na ndio ambao mfuko wao unagawanywa na wageni.

Baada ya hapo kuna vikao viwili vya mahakama, kwa England na Wales vikiwa London kwenye jengo la Rolls Building. Kikao cha kwanza ni cha maelekezo. Hakiamui kama uhamisho ni mzuri. Kinaamua nani aarifiwe na kwa njia gani. Kanuni zinataka tangazo kwenye magazeti rasmi ya serikali ya London, Edinburgh na Belfast, kwenye magazeti mawili ya kitaifa, na barua kwa kila mkata bima wa kampuni zote mbili. Kampuni inaweza kuomba isamehewe kuwaandikia baadhi, kwa mfano wale ambao anwani zao zimepotea, lakini lazima ieleze imewatafutaje. Wadhibiti hutaka watu wapate angalau wiki sita kati ya taarifa na kikao cha pili. Kwa mzee aliyeko Tanga wiki sita ni chache, kwa sababu barua ya London inaweza kukaa S.L.P. wiki tatu kabla haijachukuliwa. Angalieni tarehe ya kikao kwanza, maelezo mengine yatafuata.

Kikao cha pili ndicho cha kuidhinisha. Kabla yake mtaalamu huru hutoa ripoti ya nyongeza yenye takwimu mpya, na wadhibiti hutoa ripoti zao. Jaji hujiuliza swali moja la kifungu cha 111: kwa kuzingatia mazingira yote, inafaa kuidhinisha? Hatafuti mpango ulio bora kuliko yote. Uchaguzi wa kibiashara ni wa wakurugenzi. Anaangalia kama kuna kundi la watu linaloumizwa kwa kiasi cha maana, na kama mpango mzima ni wa haki kati ya makundi. Wala hawezi kuuandika upya mwenyewe. Ama anaukubali ama anaukataa, ingawa akionyesha wasiwasi mawakili wa kampuni hurudi haraka na marekebisho.

Usalama wa fedha sasa. Mwambie mzee aombe ripoti nzima ya mtaalamu huru, ni bure kwa anayeiomba na kwa kawaida iko kwenye tovuti ya kampuni. Atafute jedwali la uwiano wa mtaji. Tuseme linaonyesha kampuni ya sasa ina asilimia 190 ya mtaji unaotakiwa, na kampuni inayopokea baada ya uhamisho itakuwa na 155. Mtu yeyote atashtuka: nimeshushwa. Lakini soma vizuri. Asilimia 100 ya kipimo hicho ndiyo mtaji wa kuhimili mwaka mbaya wa kiwango kinachotarajiwa mara moja katika miaka 200. Kilicho juu ya hapo, na juu ya akiba ambayo bodi imejiwekea kwenye sera yake ya mtaji, kinaweza kulipwa kama gawio kwa kampuni mama mwezi ujao bila kumuuliza mzee. Kwa hiyo ile 190 haikuwa ahadi. Cha kulinganisha ni sera ya mtaji ya kampuni moja na ya nyingine: bodi imejifunga kubaki juu ya asilimia ngapi, nani ana mamlaka ya kuibadilisha, na mpango wa uhamisho unaweka masharti gani kabla ya kuilegeza. Hapo ndipo ulinzi wa kweli ulipo, na mara nyingi ni aya moja tu katikati ya ripoti ya kurasa mia.

Suala hili lilipimwa hadi Mahakama ya Rufani. Kampuni ya bima ya Prudential ilitaka kuhamishia kampuni nyingine, Rothesay, pensheni za aina hii za watu wapatao 370,000. Agosti 2019 Jaji Snowden alikataa, akiona pamoja na mengine kwamba Prudential ilikuwa na kundi kubwa nyuma yake la kuisaidia, na kwamba wateja waliichagua kwa umri na jina lake. Desemba 2020 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo. Msaada wa kampuni mama usio na wajibu wa kisheria haustahili kupewa uzito namna ile, na jina kongwe vilevile. Ombi lilirudi kusikilizwa upya na Novemba 2021 likaidhinishwa. Kampuni zile hazikuwa ndugu, lakini somo lake linagonga moja kwa moja kwenye uhamisho wa ndani ya kundi. Barua ikimwambia mzee "utabaki ndani ya familia yetu", asiihesabu sentensi hiyo kama ulinzi. Na wewe vilevile, usiandike pingamizi lililosimama juu ya ukubwa wa kundi tu.

Hapa kuna jambo la kukagua ambalo mimi hulitafuta kwanza. Kama kampuni ya sasa ina dhamana iliyosainiwa kutoka kwa kampuni mama, au bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine ya bima) yenye mali zilizowekwa rehani, je, hati hizo zinaitaja kampuni ya sasa kwa jina? Zikiitaja, uhamisho unaweza kuziacha nyuma. Vilevile, mara nyingi kampuni inayopokea ndiyo iliyokuwa imechukua bima mtawanyo ya ile inayohamisha. Siku ya uhamisho mkataba huo unakufa, kwa sababu pande zote mbili zimekuwa mtu mmoja, na rehani inakwenda nao. Si lazima liwe baya, lakini mtaalamu huru anapaswa kuwa amelieleza kwa maneno yanayoeleweka. Kama hakulieleza, hilo ni pingamizi zuri.

Kwa FSCS, mfuko wa Uingereza unaowafidia wateja kampuni ya fedha ikianguka, pensheni za aina hii na bima za maisha hulindwa asilimia 100 kampuni ikishindwa, mradi masharti ya mfuko yametimia. Hakikisha kwamba anayepokea ni kampuni yenye leseni ya Uingereza, na kwamba barua inasema waziwazi ulinzi huo hautabadilika. Lloyd's, soko la bima la London, lilipohamishia bima zake za Ulaya kwenye kampuni yake ya Brussels mwishoni mwa 2020, kwa sababu ya Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), swali la ulinzi upi unabaki na upi unaondoka lilibidi lijibiwe kundi kwa kundi. Undugu haukulifuta.

Kupinga ni rahisi. Barua, barua pepe au simu kwenye namba iliyo kwenye kifurushi vyote vinatosha. Kampuni hulazimika kuandika kila pingamizi, hata la mdomo, pamoja na jibu lake, na kuvipeleka kwa wadhibiti, mtaalamu huru na jaji. Hahitaji wakili wala kwenda London. Aandike namba ya mkataba, aseme ataumia vipi, na aombe jibu la mtaalamu huru mwenyewe badala ya jibu la idara ya wateja. "Sipendi kampuni mpya" itasomwa na kuishia hapo. "Ukurasa fulani unasema sera ya mtaji inaweza kulegezwa bila idhini ya nje, ya sasa haisemi hivyo" itamfanya wakili wa kampuni asimame na kujibu.

Upande wa kampuni zinazoomba uhamisho, kinachokwamisha zaidi ni orodha za anwani. Namba moja ya mkataba, wamiliki wawili, mmoja marehemu, barua imekwenda kwa marehemu. Halafu kuna bima zilizouzwa Jersey na Guernsey, ambako amri ya London haitoshi na mahakama za visiwa hivyo hutoa zao. Zikichelewa, mikataba hiyo lazima ibaki nyuma kwa muda, na mpango uwe na kifungu cha kuibeba.

Jaji akiidhinisha, amri ndiyo inayohamisha kila kitu kwa mkupuo chini ya kifungu cha 112: haki, madeni, kesi zilizoko mahakamani, hadi maagizo ya benki. Nakala mbili za amri hupelekwa kwa mdhibiti ndani ya siku 10. Mzee hatatia saini chochote. Mwezi wa kwanza baada ya tarehe ya uhamisho, angalia taarifa ya benki: kiasi kiwe kilekile, jina la mlipaji liwe jipya, na siku ya malipo isisogee. Kodi pia iangalie, maana namba ya mlipaji ikibadilika mamlaka ya kodi ya Uingereza (HMRC) wakati mwingine humpa msimbo wa kodi wa dharura na makato yanapanda. Likitokea, apige simu kwa HMRC akiwa na namba yake ya bima ya taifa na barua ya uhamisho mkononi.